Mkate wa Bibi Nora

Wewe ungeweza kumfukuza mama yako nyumbani kwake, na hali keshakufa?

Shangazi yangu Shariffa alitaka kufanya hivyo Ijumaa moja, mchana kweupe, kiyoyozi kinanguruma na sufuria la pilau bado lina moto. Nyumba iko Mabela, Maskati. Aliijenga bibi yangu Nora, mzaliwa wa Ayalandi, mkunga aliyekuja Unguja kijana, akasilimu, akaolewa na babu, akamfuata Maskati mwaka wa sabini na mbili. Walipohamia Mabela hapakuwa na jirani ila mbuzi na mighafu, miti ya jangwani. Maji yaliletwa kwa gari. Alizaa watano, akazika wawili, akazalisha nusu ya mtaa uliokuja kumzunguka. Ungedhani tunajivunia. Sisi tukiwaambia watu ni Mturuki.

Kila Ijumaa Bibi alioka mkate wa magadi na laban, maziwa ya mtindi, na kabla ya kuutia jikoni aliuchanja juu mistari miwili iliyokatana, kama alivyofundishwa na mamaake. Wageni wakija, Shangazi aliufunika upesi, wasiuone msalaba.

Bibi alikufa Januari, ana miaka tisini na mbili. Mimi nikabaki na nyumba. Ijumaa iliyofuata nilikanda mkate wake, nikaufunika kitambaa, nikaenda kuswali. Niliporudi ulikuwa umeshachanjwa. Nilikuwa peke yangu.

Ijumaa ya pili, vilevile. Ya tatu nilikaa nikautazama. Nilipepesa macho mara moja tu, nikakuta mistari.

Kosa langu lilikuwa kumwambia Shangazi.

"Kesho wanakuja kumposa mwanangu," alisema. "Shetani huyu hatalala humu."

"Shetani gani, Shangazi? Aliyekunyonyesha?"

"Funga domo! Digrii unayo, adabu huna."

Akamleta Maalim Muhanna. Mzee mpole, ana chetezo chake na kikombe cha maji. Tukakaa jikoni, sisi watatu, donge la unga mezani chini ya kitambaa. Ubani ukapanda. Maalim hamsomei mtu bila kumtaja kwa mamaake, kwa hiyo akauliza.

"Jina la marehemu, na la mamaake?"

"Nuru binti Hawa," Shangazi akajibu, badala ya Nora.

Hawa, mama wa watu wote. Ndiye anayetajwa pale mama hajulikani. Wa Bibi alijulikana vizuri sana.

Maalim akasoma, akafunua kitambaa anyunyize maji. Unga ukapasuka. Taratibu. Mstari mmoja, kutoka ukingo hadi ukingo. Hapakuwa na kisu.

Maalim akarudisha mkono kifuani. "Bibi Shariffa," alinong'ona, "nambie kweli. Nnamwita asiyekuwepo."

"Nuru binti Hawa."

Mstari wa pili ukaukata wa kwanza.

Nikasimama. "Nora binti Brijidi," nikasema. "Kazaliwa Ayalandi. Hapa kwake. Hatoki."

Kiyoyozi kikanyamaza. Moshi wa ubani ukasimama wima, hautikisiki.

"Huyo kasikia," Maalim akanong'ona. "Ana haja gani?"

Haja yake niliijua. Dadaake Ailini alimwandikia kila mwezi kutoka Ayalandi, kisha mwaka wa themanini na sita barua zikakatika. Bibi alidhani kakasirikiwa kwa kusilimu. Miaka karibu arubaini aliandika, akatoa barua zipelekwe posta, akangoja. Hata siku ya mwisho aliniuliza, "Ailini kajibu?"

Nikamwambia Maalim hivyo hivyo. Shangazi akainuka ghafla, akaelekea mlangoni.

Maalim akasogeza kiti nyuma. Nami nikaona.

Kwenye bega la abaya nyeusi ya Shangazi palikuwa na kiganja cha unga. Vidole vitano. Vidogo. Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza.

"Shangazi," nikanong'ona. "Begani."

Hakugeuka. "Nnajua," alisema. "Baridi."

Akateremka polepole mpaka sakafuni, kama mtu anayekandamizwa. Hakunitazama mimi wala Maalim. Alitazama juu, mahali pasipo na mtu.

"Mama, ni miye," akasema kwa sauti. "Nilikuwa naposwa, wakauliza stempu za kizungu zatoka wapi. Nikamwandikia dadaako kuwa umekufa, tumekuzika. Na zako ulizonipa kutia posta, nilizichoma."