Maji Chini ya Mafuta

Jioni ile tulitumwa mafuta, mimi na mdogo wangu Fuatino. Kesho yake kanisa jipya la kijiji lilikuwa linafunguliwa, na Fuatino, kwa kuwa baba yetu ndiye chifu, ndiye angecheza ngoma ya mwisho, ile ambayo watu hukaa tangu asubuhi kuisubiri. Mchezaji wa ngoma hiyo hupakwa mafuta ya nazi kuanzia paji la uso hadi vidole vya miguu, ang'ae. Asipong'aa, hakuna anayesema mafuta yalikuwa mabovu. Wanasema msichana si mwali tena, na baba yake anatembea kichwa chini maisha yake yote.

Shida ni kwamba mafuta yenyewe yalikuwa yamemharibu. Shangazi Punipuao, dada yake baba, alimpaka asubuhi na jioni kwa wiki kadhaa ili ngozi izoee, na uso wa mtoto ukafumka chunusi kutoka shavu hadi shavu. Mimi nauza vipodozi mjini Apia. Njia nzima nilikuwa namhubiria.

"Nilikwambia uyaache hayo mafuta. Ngozi yako ina mafuta yake ya kutosha. Wewe ni mtu wa seramu."

"Seramu ni maji tu, Moelagi. Maji ya kichupa kizuri."

"Ni maji, sikatai. Lakini yanaingia ndani. Mafuta hayaingii, yanakaa juu, yanafunga. Ndiyo maana unaanza na chepesi, kizito kinafuata. Ukishapaka mafuta juu, kilichoingia hakitoki."

"Sawa, mwalimu. Na hiyo seramu iko wapi?"

"Nimeisahau dukani."

Alicheka mpaka akaegemea mti. Alikuwa ametoka kuoga, nywele mbichi zimeachiwa mgongoni, ndefu mpaka kiunoni. Nilimwambia azifunge, giza linaingia na njia yetu inapita chemchemini. Akasema nywele zikifungwa mbichi zinanuka, na kesho lazima anukie. Sikumbishia.

Tulichukua chupa kwa bibi Siliaga, anayepika mafuta mwisho wa kijiji. Ilikuwa bado ya moto kutoka jikoni. Tulipofika chemchemini tukirudi, mtungi ukagongwa.

Mtungi ni wa gesi, mtupu, umetundikwa mbele ya kanisa. Ukigongwa jioni, kila mtu anapaswa kuwa ndani kwa sala. Ukikukuta njiani, unakaa hapo hapo ulipo, unainamisha kichwa, unanyamaza mpaka ugongwe tena. Vijana hupangwa barabarani na fimbo zao kuhakikisha hakuna anayetembea, ila huku nje hawafiki. Tulikaa kwenye ukuta wa mawe, chupa mapajani mwangu. Kwa mbali nyimbo za sala zikaanza, nyumba moja baada ya nyingine.

Kisha ikaja harufu...

Langilangi. Nzito, kama mtu amemwaga kikapu kizima cha maua karibu yetu. Na chini ya langilangi palikuwa na harufu nyingine, ya tope la kisima ambacho hakijachotwa siku nyingi.

Mtu alikuwa anatembea.

Sikusikia hatua. Niliona miguu tu, kwa sababu kichwa changu kilikuwa chini. Miguu mizuri ya mwanamke, imelowa, inatiririka maji. Mchanga ilipokanyaga ulibaki mkavu.

Alichuchumaa mbele ya Fuatino. Nywele zake zilifika chini.

"Maskini uso," alinong'ona. "Nani amekufanyia hivi?"

Siku zile kijiji kilijaa wageni kutoka Auckland waliokuja kwa ajili ya kanisa, watu wasiojua au wasiojali mtungi wa sala. Nadhani Fuatino alimchukulia kuwa mmoja wao. Alimjibu kwa sauti ya chini, na utani wake ule ule.

"Shangazi yangu, mama. Na mafuta yake."

Mwanamke akacheka bila sauti. "Basi chagua. Mafuta, au maji?"

Nilitaka kusema, usijibu. Nilitaka sana. Ulimi ulikuwa mdomoni lakini haukuwa wangu.

"Maji," alisema Fuatino. "Mafuta yamenichosha."

Mwanamke alishika ncha ya nywele zake akaikamua kiganjani, taratibu, kama mtu anayekamua kitambaa. Akampaka mdogo wangu usoni. Paji, mashavu, kidevu. Fuatino alifumba macho akashusha pumzi, kama mtu aliyepumzishwa mzigo.

Mtungi ukagongwa.

Niliinua kichwa. Hapakuwa na mtu. Chupa mapajani mwangu ilikuwa ya baridi, na mafuta yaliyokuwa ya moto yalikuwa yameganda meupe, pe, mpaka shingoni. Kwetu mafuta ya nazi hayagandi. Hakuna baridi ya kuyagandisha.

"Yule mama amekwenda wapi?" Fuatino aliuliza.

Nilimgeukia nimjibu. Uso wake ulikuwa safi. Hakukuwa na chunusi hata moja. Ulikuwa mzuri kuliko nilivyowahi kuuona, na ulikuwa bado mbichi, kama umetolewa majini sasa hivi.

Nyumbani wakanipongeza mimi. "Hiyo seramu yako, Moelagi, utuletee na sisi," Shangazi Punipuao alisema, akimgeuza Fuatino kidevu huku na huku. "Na hizi chunusi nilizoambiwa nimezileta mimi, sasa zimekwenda wapi? Mlinisema bure."

Nyumba yetu haina kuta, ni nguzo na mikeka ya kushusha. Nyuma ya mkeka mmoja alikuwa amelala bibi yetu Sulami, mama yake mama, macho yake yameshaingia ukungu. Aliita.

"Nani amekuja na langilangi?"

Nilimpeleka Fuatino kwake. Bibi alimpapasa uso, kisha akanusa vidole vyake. Akamwambia Fuatino aende akale. Alipobaki nami akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Nywele zilikuwa wazi?"

"Ndiyo, Bibi."

"Ni wale mizimu wa chemchemini. Wasichana wa Mwiko." Jina hilo hatulisemi kwa sauti, naye hakulisema kwa sauti. "Wakimpenda mtu humpaka sura yao. Mimi niliona akipakwa dada yangu. Ilikauka, ikambanduka, akalia wiki nzima, akapona. Maji yao hukauka yenyewe. Lakini mtoto huyo asipakwe mafuta."

"Kesho anacheza, Bibi."

"Asipakwe."

"Akipakwa?"

Bibi alinigeuzia yale macho yenye ukungu. "Wewe ndiye muuzaji. Mafuta hufanya nini?"

Yanafunga. Nilimjibu hivyo.

Nilikwenda kwa baba usiku huo huo. Baba yangu si mtu mbaya. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kesho anaweka nyumba ya Mungu wakfu, hawezi kumtoa binti yake mkavu mbele ya vijiji vyote kwa sababu ya mambo ya chemchemini. "Watasema nini juu yake? Fikiria, mwanangu. Watasema nini juu ya mdogo wako?" Nilifikiria. Alisema kweli, na ndilo lililoniuma.

Asubuhi nilimwomba Shangazi.

"Mpake mwili. Uso uache."

"Ang'ae shingo, uso uwe kama magimbi yaliyomenywa?" Alikuwa ameshakaa na chupa, mafuta yameyeyuka tena, dhahabu tupu. "Nenda kanipangie taji lake la manyoya, wewe. Ya dukani kwako yaache dukani kwako."

Nikamgeukia Fuatino. Nilimshika mabega. "Mdogo wangu, sema hutaki. Sema ngozi inauma. Wewe ukikataa watakusikiliza."

Alinitazama. Machoni nilimwona yeye, mdogo wangu, ameogopa. Midomo ikafunguka.

"Nipake, Shangazi," ilisema midomo.

Macho yalikuwa bado yananitazama mimi.

Shangazi alimimina, akasugua. Paji, mashavu, kidevu. Kwa mfuatano ule ule.

Alicheza jua likiwa kali. Sijui nieleze vipi. Mikono yake ilikwenda kama maji, wanaume wazima walilia. Shangazi Punipuao alikuwa kando akirukaruka na kujifanya kichaa, kama ilivyo desturi, ili binti aonekane ametulia zaidi. Watu walipita wakimbandika noti za tala mabegani. Mjomba mmoja alitaka kuchekesha, akambandika ya kwake shavuni, akaurudisha mkono haraka.

"Chifu," alimwambia baba, "binti yako ni wa baridi kweli."

Watu walicheka. Fuatino alitabasamu. Tangu ngoma ianze hakuwa amepepesa macho, na jasho halikumtoka hata tone.

Jioni nilimkalisha nimtoe mafuta. Nilifuta kwa kitambaa. Kitambaa kikatoka kikavu. Nilitumia sabuni, nikatumia ndimu, nikatumia majivu ya moto wa kupikia mpaka mikono yangu ikachubuka. Uso uling'aa vile vile. Nilipousogelea karibu na taa ndipo nikaona. Chini ya mng'ao ule, mbali kidogo, kama mtu anayetazama juu kutoka chini ya kisima, palikuwa na uso mwingine.

Ulikuwa na chunusi.

Bibi Sulami alifariki kabla ya Krismasi. Nilimuuliza mara nyingi dawa yake ni nini, akanijibu dawa ilikuwa kutompaka. Labda alijua zaidi. Labda hakujua kitu, alikuwa ameona mara moja tu, utotoni. Nilikwenda kwa waganga wenye kukanda, nikaenda na hospitali. Waganga walimgusa wakaondoa mikono. Daktari alisema ana ngozi nzuri, akaniuliza anatumia nini.

Niliacha kazi Apia nikarudi nyumbani. Hapa wote wana furaha, na siwalaumu. Fuatino wao anafagia, anaimba kwaya, hajibizani na mtu. Zamani alikuwa na mdomo kama Shangazi. Wanasema amekua. Mtoto wa chifu wa kijiji cha pili amemposa, na baada ya harusi watahamia Auckland. Baba amenenepa. Shangazi Punipuao ameshaanza kupika mafuta ya siku hiyo, jiko zima linanuka langilangi, na nimechoka kumwomba. Tabaka jingine juu ya lile.

Kila jioni mtungi ukigongwa, wote huinamisha vichwa ila yeye. Mimi huketi mbele yake na kitambaa. Midomo yake imefungwa, inatabasamu. Nyimbo zikipungua, nikitega sikio karibu na shavu, namsikia. Sauti ni ndogo, inatoka chini, kama ya mtu anayesema akiwa majini.

"Moelagi... nifute."

Nafuta. Mwanzoni alikuwa akiita kwa nguvu, sasa lazima nizuie pumzi ndipo nisikie. Jana aliita mara moja tu, halafu akanyamaza. Niliendelea kufuta mpaka mtungi ulipogongwa tena, na kitambaa kikatoka kikavu.