Mkebe wa Mheshimiwa

Kila asubuhi kabla ya kuvaa sare, nilitoka uani na mkebe wa mtama. Niliugonga mara mbili harakaharaka, nikanyamaza kidogo, kisha mara moja: ko-ko, ko! Hapo Mheshimiwa alikuja mbio, kifua mbele, kama mgeni rasmi aliyechelewa. Mheshimiwa alikuwa jogoo wa shangazi yangu. Alikuwa mkali kwa kila mtu, lakini mkononi mwangu alikula.

Alipokuwa akila, mimi niliokota manyoya yaliyomdondoka shingoni. Shangazi alikuwa fundi wa nzi wa bandia wa kuvulia samaki. Aliibana ndoano ndogo kwenye jiliwa, kibanio cha chuma kilichofungwa mezani pake, akaizungushia uzi na unyoya mpaka samaki wa mtoni adhani ni mdudu. Nzi huyo lazima aelee, kwa hiyo si kila unyoya unaofaa. Unyoya wa tetea ni laini, hunywa maji ukazama. Wa shingo ya jogoo ni mgumu na unang'aa. Hata huo tuliupima: tuliukunja kuona kama nywele zake za pembeni zinasimama, tukaulinganisha na ndoano, kisha tukauweka kwenye bilauri ya maji.

Tulikuwa wawili katika kazi hiyo. Binti wa fundi cherehani, jirani yetu, alikuwa rafiki yangu wa chanda na pete. Watu walituita Pacha, nasi tukaitana hivyo hivyo. Nilimfundisha kila nilichokijua, hata namna ya kugonga mkebe.

Shangazi alikuwa ametuahidi jambo. "Atakayeniletea manyoya kumi na mawili yasiyo na kasoro, nitamkalisha kwenye jiliwa afunge nzi wake mwenyewe. Ila sharti ni lile lile: ya kuokota tu. Jogoo hang'olewi."

Baada ya mwezi mimi nilikuwa na tisa, Pacha manne.

"Una bahati wewe," aliniambia.

"Bahati gani? Naamka mapema!" nikamjibu, tukacheka.

Jumatatu moja niligonga mkebe, Mheshimiwa hakuja. Nikagonga tena. Akachungulia nyuma ya kuni, akauona mkebe, akakimbia akipiga kelele. Upande mmoja wa shingo yake ulikuwa mtupu, ngozi nyekundu. Jogoo niliyemlea tangu akiwa kifaranga alikuwa ananikimbia mimi.

Shangazi alitoka, akaitazama shingo ile, kisha akanitazama mimi. "Ni nani anayeweza kumkamata jogoo huyu?"

"Ni mimi, Shangazi. Lakini sikumgusa!"

"Haya. Nenda shule."

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Alasiri Pacha alikuja na bahasha. Shangazi aliyamwaga manyoya mezani, karibu na dirisha. Yalikuwa kumi na mawili kamili. Yalisimama yalipokunjwa, yakaelea kwenye bilauri. Yangu hayakufua dafu mbele yake.

"Umeyapata wapi mengi hivi?"

"Nimeyaokota, Shangazi."

"Na hii shingo ya Mheshimiwa, unajua lolote?"

Pacha aliangalia chini. "Sijui. Labda kuna mtu alikuwa na haraka. Mtu aliyebakiza matatu tu."

Aliyebakiza matatu nilikuwa mimi! Machozi yakanilengalenga. Kikulacho ki nguoni mwako: methali hiyo nilikuwa nimeiandika mara nyingi daftarini, lakini siku ile ndipo nilipoielewa.

Sikuweza kumtazama usoni, kwa hiyo nikayatazama manyoya. Nikachukua mmoja, nikaugeuza. Nikachukua wa pili. Kisha nikakimbia kuleta kisanduku changu.

"Shangazi, angalia vishina."

Unyoya ukidondoka wenyewe, ncha ya kishina chake huwa kavu na nyeupe. Vishina vyangu vilikuwa hivyo vyote. Vya Pacha, vinne tu vilikuwa hivyo; vinane vilikuwa vyeusi kwa damu iliyoganda.

Shangazi alimsogezea Pacha kiti. Alipokaa tu, akaanza kulia. "Nilikuja jana, mlipokwenda sokoni. Niligonga mkebe kama Pacha alivyonifundisha. Akaja, Shangazi. Akaja mwenyewe, akaanza kula."

"Kwa hiyo Mheshimiwa anadhani ni mimi!" nilisema kwa hasira. "Ukatumia mkebe wangu, halafu ukataka hata Shangazi adhani ni mimi!"

"Nisamehe, Pacha."

"Usiniite Pacha."

Shangazi alinigeukia kwanza. "Asubuhi nilikushuku bila kukuuliza vizuri. Nisamehe, mwanangu." Kisha akamwambia mwenzangu, "Wewe kamweleze mama yako kwa mdomo wako mwenyewe. Na kuanzia kesho njoo kila asubuhi na mkebe. Usimkimbize, usimshike. Weka mtama, kaa chini, ungoje."

Alikuja kila siku. Siku za kwanza Mheshimiwa hakumsogelea hata kidogo. Mimi niliokota manyoya upande wa pili wa ua, wala sikumsemesha. Nilipofikisha kumi na moja sikuwa na mtu wa kumwonyesha, na furaha yangu ikawa nusu.

Asubuhi ya kumi na mbili jogoo alikaribia. Alidonoa mtama kutoka kiganjani mwa Pacha, huku ameinua mguu mmoja, tayari kukimbia.

"Amenisamehe?" Pacha alinong'ona.

"Amekula," Shangazi alijibu kutoka mlangoni. "Kusamehe ataamua mwenyewe. Kung'oa kulikuchukua dakika tano, na leo ni siku ya kumi na mbili ya kungoja. Ukimdanganya anayekuamini, samahani ni mwanzo tu. Baada ya hapo unakuja kila siku, kwa uaminifu, mpaka aamini tena."

Mheshimiwa alijitikisa, akaondoka kwa maringo. Nyuma yake ulibaki unyoya mmoja. Pacha aliuokota, akaja hadi niliposimama.

"Ni wako. Ulibakiza mmoja."

Niliupokea, nikaugeuza mbele ya macho yake, nikakiangalia kishina. Kilikuwa kikavu, cheupe.

"Umedondoka wenyewe," nilisema. Hayo yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake tangu Jumatatu ile. Nikavuta pumzi. "Haya, Pacha. Twende tukaupime."