Chumvi Si Gundi

Mke wa seremala aliwasha jiko, akainjika maji, akaketi. Hata kusimama kulimchosha. Wiki ya tatu sasa alilala jicho moja wazi, akisikiliza kifua cha mumewe kikipiga filimbi.

Mumewe alikuwa na pumu tangu utotoni. Kliniki walimpa dawa mbili za kuvuta: moja ya kila siku, nyingine ya kutuliza akibanwa. Lakini rafiki yake, fundi wa vanishi, alimwambia chumvi inatibu pumu na ngozi kwa pamoja. Basi makopo yote mawili yakaingia kwenye droo.

"Dawa za kopo zinazoeleka mwilini," alimwambia mkewe. "Chumvi ni ya Mungu."

"Hata mkaa ni wa Mungu, baba watoto. Mbona huutafuni?"

Akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi.

Maji yalipochemka, seremala alimwaga chumvi viganja viwili kwenye sufuria. Akakoroga kwa kipande cha ubao, akajifunika shuka, akavuta mvuke. Kisha maji yalipopoa kidogo, akachovya mikono humo. Ngozi ilimwasha kwa vumbi la mbao, na sasa ilikuwa imepasuka viwikoni. Aliuma meno.

"Punguza basi hiyo chumvi," mkewe alisema.

"Gundi nyepesi haishiki."

Miaka ishirini alikuwa akikoroga gundi ya mbao, na kila kitu duniani alikipima kwa sheria hiyo. Mkewe alimwacha. Ubishi nao unataka nguvu.

Mchana, jirani yao muuguzi alipita karakana yao, kando ya nyumba, kuchukua stuli yake. Alimkuta seremala ameinamia meza ya kazi, mabega yakipanda na kushuka. Mkewe amemshika mgongo.

"Shemeji, una nini?"

"Niko... sa... wa."

"Maneno mawili, vipande vitatu. Hauko sawa. Dada, dawa yake ya kutuliza iko wapi?"

Mke alikimbilia droo. Muuguzi alimkalisha seremala wima, akatikisa kopo. Pulizo moja, taratibu. Akangoja kidogo. La pili.

"Asipopata nafuu, tunakwenda hospitali sasa hivi," alisema.

Mkewe aliitazama midomo ya mumewe, asithubutu kupepesa. Polepole mabega yakatulia. Seremala alipoweza kusema sentensi nzima, ilikuwa ya ubishi.

"Chumvi ilikuwa kidogo. Kesho nitaongeza."

"Sikiliza, shemeji. Pumu ni njia za hewa kifuani kuvimba na kubana. Chumvi haizifungui. Tena mvuke haubebi chumvi, yenyewe inabaki chini ya sufuria. Ulichovuta ni joto tu, na joto linaweza kukubana zaidi."

"Kwa hiyo chumvi ni uongo?" mkewe aliuliza.

"Hapana, ina kazi yake ndogo. Inaosha vumbi puani. Robo kijiko cha chai kwa kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa. Ukionja, iwe kama machozi. Unainamia beseni, unamimina tundu moja, maji yanatokea la pili."

"Robo kijiko?" Seremala alibetua mdomo. "Hiyo haishiki."

"Haitakiwi kushika. Unaunga kiti, au unaosha pua?"

Mkewe alicheka. Alicheka mpaka akalia, na kilio hakikukoma.

"Nimechoka," alisema. "Wewe unavuta pumzi, mimi nazihesabu. Moja moja, mpaka kunakucha. Sitaki kuhesabu ya mwisho."

Seremala alitazama sakafu. Kisha akaigeuza mikono yake iliyopasuka.

"Na mikono?" aliuliza hatimaye, kwa sauti ya chini.

"Chumvi kali imeikausha. Osha kwa maji matupu, kisha paka mafuta mazito yasiyo na manukato kabla ngozi haijakauka. Vaa barakoa kazini. Nyunyiza maji kabla ya kufagia. Na kesho uje kliniki, usiache dawa bila kuwauliza waliokupa."

Seremala alikwenda. Akarudia dawa yake ya kila siku, na pua akaiosha kila alipotoka kazini. Mwezi ulipokwisha, mipasuko ya viwikoni ilikuwa imefunga na filimbi imenyamaza kifuani.

Asubuhi moja, jua limeshapanda, fundi wa vanishi alifika karakana akipaza sauti.

"Vipi, chumvi imekuponya?"

"Chumvi naoshea pua. Pumu naivutia dawa. Halafu punguza sauti."

"Kuna nini?"

"Mama watoto amelala."

"Saa hizi? Anaumwa?"

"Haumwi. Amelala tu."

Seremala aliweka nyundo chini, akavaa barakoa, akachagua kazi ya msasa, isiyo na kelele.