Nati Iliyobaki

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya paa la shule, na taa za mtaa bado hazijawaka, baba mdogo alipotoka barazani akamfokea mtu aliyekuwa amechuchumaa kando ya skuta.

"Wewe Fundi Video! Washa hicho chombo ukamlete mganga. Anakungoja nyuma ya kiwanda cha mbao. Na usimpe maneno mengi, mpakie uje naye."

"Sawa, baba mdogo."

Alisema sawa, lakini hakuinuka upesi. Mkono wake wa kulia ulikuwa mfukoni mwa jaketi, umeshika nati. Nati ndogo tu, ya spana namba kumi. Siku ya tisa hii alikuwa akitembea nayo, akila nayo, akilala nayo, mpaka kidole gumba kimeota sugu.

Hilo jina la Fundi Video alipewa na dada yake, kwa utani. Bwana huyu alikuwa karani wa stoo, hajawahi kufungua hata kitasa, lakini aliangalia video tatu kwenye simu akajiona injinia. Akaanza na skuta ya dada. Kwanza akabadilisha oili, ikaenda vizuri. Kisha plagi, kisha taa kali ya mbele, na kila akimaliza anaita nyumba nzima ije itazame, utadhani ameunda ndege. Dada alikuwa mshonaji wa sare za shule na skuta ile ndiyo iliyompeleka kwa wateja, lakini alimwachia tu. Tangu utotoni ndivyo alivyokuwa. Mdogo wake akivunja bakuli, yeye husema, "Ni mimi." Mdogo wake akikojoa kitandani, yeye hugeuza godoro kabla mama hajaamka.

Jumamosi ile Fundi Video aliamua kubadilisha shokomzoba za mbele, zile springi za kumeza mashimo, aweke nene zaidi, ngumu zaidi. Akafungua gurudumu. Akafungua mkono wa breki, kile kichuma kinachovutwa na waya. Akatandaza vyote juu ya gunia, akafunga upya, akafuta mikono. Kisha akatazama gunia.

Nati moja ilikuwa imebaki.

Mtu mwenye akili angefungua tena. Lakini mlangoni alikuwepo shangazi, na baba mdogo, na majirani wawili, wote wamekuja kuona kazi, naye alikuwa ameshatamba kwamba kazi imekwisha. Aliona haya. Akaiokota kama mtu anayejikuna goti, akaitia mfukoni.

"Umekaza zote?" dada akamuuliza, akipanda na furushi lake la sare.

"Zote, dada."

Kwenye mteremko wa tangi la maji, dada alibana breki ya mbele asikute kitu. Akagonga ukuta. Mifupa ilisalimika, lakini kichwa... Tangu siku hiyo alikuwa amelala chumba cha nyuma, macho wazi, hasemi, haulizi, hawezi hata kuinua kijiko. Hospitali walisema msubirini. Nyumbani walisema karogwa.

Na mchawi hawakumtafuta mbali. Upande wa pili wa ukuta aliishi Mama Mayai, mjane mfugaji wa kuku, mwanamke wa maneno makali. Skuta ilikuwa inawashtua kuku wake, wanagoma kutaga, na Ijumaa alikuwa amefoka mbele za watu: "Hicho kidude kitamwangusha mtu siku moja!" Basi, ikatosha. Baba mdogo alikuwa ameapa kwamba leo mganga akimtaja tu, kesho asionekane mtaa huu.

Fundi Video alijua ukweli, akanyamaza. Angeanzia wapi, jamani? Watu walikuwa wanamshika mkono wakimpa pole! Skuta aliinyoosha usukani, akawa anaiendesha kwa breki ya nyuma peke yake. Nati hakuirudisha. Aliona akiirudisha mahali pake atakuwa amekubali kwamba ilitoka pale. Ndiyo akili ya mtu mwenye aibu, usimcheke.

Akawasha, akaenda.

Nyuma ya kiwanda cha mbao kulikuwa kimya. Misumeno ilikuwa imezimwa, vumbi la mbao bado linaelea. Kando ya rundo la magogo alisimama mtu, amejifunika shuka kutoka kichwani hadi miguuni.

"Shikamoo. Nimetumwa kukuchukua."

Yule mtu akapanda nyuma.

Skuta ikadidimia. Shokomzoba zile mpya, ngumu, zikalia kiiii... kama zimepakiwa magunia ya saruji. Fundi Video aligeuza shingo. Aliona mabega membamba tu chini ya shuka.

Walikwenda kitambo. Kisha ikaja harufu.

Mafuta ya cherehani... na dawa ya kuchua. Ile ile ambayo shangazi humpaka dada mgongoni kila jioni. Akajiambia waganga wana madawa mengi, usiwaze sana, tazama njia.

"Umekaza?"

Mnong'ono. Sikioni kabisa.

"Unasemaje?"

"Umekaza zote?"

Mama yangu! Sauti ile aliijua. Ulimi wake, kwa kuzoea uongo, ukajibu wenyewe kabla hajaukamata.

"Zote, dada."

Mkono ukapita kiunoni mwake. Wa baridi. Ukaingia mfukoni mwa jaketi, taratibu, ukapapasa... ukatoka.

Mbele yao kulikuwa na mteremko wa tangi la maji. Akabana breki ya nyuma mapema, kama alivyozoea siku hizi.

Twaa!

Waya ukakatika. Skuta ikachukua mbio. Ukuta ukaanza kumjia, ule ule, na mchubuko wa rangi nyekundu ya skuta bado upo. Ndipo akaisikia.

Krr... krr... krr...

Nati ikizungushwa kwenye bolti yake. Chini kabisa, kwenye gurudumu la mbele linalokimbia, mahali ambapo mkono wa abiria haufiki. Wala wa binadamu yeyote.

"Bana," mnong'ono ukasema.

Akabana breki ya mbele. Ikashika. Skuta ikasimama hatua mbili kutoka ukutani, injini ikazimika.

"Nimekaza mwenyewe. Sasa nyamaza."

Aligeuka. Kiti kilikuwa kitupu. Akatia mkono mfukoni, mfuko nao mtupu. Alichuchumaa akamulika kwa simu, na nati ilikuwa pale, kwenye mkono wa breki, inang'aa kwa kushikwashikwa siku tisa.

Aliikokota skuta mpaka nyumbani. Hakuthubutu kuipanda.

Mganga alikuwa ameshaketi sebuleni, viatu vimejaa vumbi. "Nimengoja mpaka nimechoka, nimekuja kwa miguu," alisema kwa hasira. Dada alikuwa ameegemezwa mito kwenye kiti cha pembeni, amefunikwa shuka. Karibu na mlango, sakafuni, wamemkalisha Mama Mayai, manyoya ya kuku bado yamenasa kwenye gauni lake. Hakumtazama mganga. Alimtazama Fundi Video.

Mganga aliinamia beseni la maji, akanung'unika kidogo, akanyoosha kidole mlangoni.

"Nilijua!" baba mdogo akaruka.

Sasa fikiria. Ushahidi umekwisha. Nati iko mahali pake. Akinyamaza, hakuna mtu duniani atakayejua. Na macho ya dada pale kitini yalikuwa yanamwambia hivyo hivyo, nyamaza. Lakini yule mama sakafuni hakulia, hakujitetea, alimtazama tu, na Fundi Video akahisi uso unamwaka moto.

"Ni mimi," akasema.

Maneno ambayo maisha yake yote dada alikuwa akiyasema kwa ajili yake. Akaeleza yote. Nati, gunia, mfuko, uongo. Alieleza akitazama sakafu.

Baba mdogo alichukua tochi na spana, akatoka. Wote wakamfuata. Akachuchumaa mbele ya skuta, akavuta, akasukuma.

"Nati gani haipo? Si hii hapa? Imekazwa hata haitingishiki!"

"Haikuwepo! Imerudishwa sasa hivi, njiani, na..."

Akakwama. Na nani? Aseme na nani?

Shangazi alijishika kichwa. "Mungu wangu! Kamchezea na huyu! Mtoto wetu anaropoka!"

"Basi kesho ni mbali," baba mdogo akasema. "Aondoke leo."

Na kweli walimtoa saa ile ile, vyombo juu ya mkokoteni, kuku wakipiga kelele kwenye matenga. Fundi Video alibeba tenga moja mpaka barabarani, kichwa chini, majirani wakimhurumia kwa jinsi alivyorogwa. Mama Mayai alilipokea tenga lake.

"Siku ile nilikuwa juu ya ndoo, naziba paa la banda," alisema polepole. "Nilikuona ukiitia mfukoni. Nikasema moyoni, huyu kalelewa vizuri, atasema mwenyewe. Nimekungoja, baba. Siku zote hizi nimekungoja."

"Kwa nini hukusema wewe, mama?"

"Nani angemsikiliza mchawi?"

Alisimama pale mpaka mlio wa kuku ukapotea, akitamani ardhi ipasuke imfiche.

Kutoka ndani kikapanda kigelegele cha shangazi.

"Kasema! Kasema! Si mmeona? Mchawi katoka tu, mgonjwa kasema!"

Fundi Video alikimbia. Dada alikuwa pale pale kitini, mikono chini ya shuka, na midomo yake ilikuwa inasogea kwa shida.

"Sabuni," alikuwa anasema. "Nipe sabuni."

Shangazi alikuwa ameshatoka kuwatangazia majirani. Fundi Video akaleta beseni, akapiga magoti, akafunua shuka.

Vidole vya dada yake, ambavyo kwa siku tisa havikuwa vimeshika hata kijiko, vilikuwa vyeusi kwa grisi mpaka kwenye vifundo. Kucha mbili zimevunjika.

Alianza kuosha. Maji yakawa meusi.

"Wamekuamini?" dada akanong'ona.

"Hapana, dada."

"Vizuri," akasema, akampa mkono wa pili.