Mshukiwa Mwenye Magamba

Mkufu wa bibi harusi ulikuwa umetoweka, na mshukiwa pekee alikuwa amejilaza kizimbani, anakoroma.

Aliitwa Kipenzi, mnyama wa kimo cha paka, mwenye magamba na ulimi mrefu, ambaye chakula chake ni dhahabu. Masonara wa mji ule huwafuga wanyama hao walambe vumbi la dhahabu mezani na kwenye aproni. Kinyesi kikisafishwa, dhahabu inarudi. Lakini mkufu mzima hukaa tumboni wiki nzima, na harusi ilikuwa kesho.

Inspekta alikuwa amechoka hata kabla ya kuanza. Utamhoji vipi mshukiwa asiyesema? Alama za vidole kwenye droo ulimowekwa mkufu zilikuwa za sonara na mkewe, wenye nyumba, kwa hiyo hazikumsaidia kitu. Bosi wake alikuwa akipiga simu kila mara. Daktari wa mifugo alikuwa mlangoni na kisu chake, akisubiri amri.

"Mpasueni, mkufu utoke," shangazi wa bibi harusi alisema. "Mimi sitaki hadithi."

Sonara alikuwa ameketi sakafuni, mkono ameupenyeza kati ya nondo, akimpapasa Kipenzi. "Afande, nilimfungia mwenyewe. Msimuue bure."

"Nani aligundua?"

"Mimi," mke wa sonara alijibu. "Nimeingia kufagia, nikakuta kizimba kiko wazi na huyu anamalizia. Kilichobaki ni hiki kifungo cha mkufu."

"Umekiokota wapi?"

"Humo humo ndani, karibu na mdomo wake."

Inspekta alikipokea, akakigeuza. Dhahabu yake ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo. Akakirusha kizimbani.

Kipenzi alizinduka. Ulimi ulichomoka, kifungo kikaenda nao. Punde akatema springi ndogo ya chuma, ikaangukia kiatu cha Inspekta.

"Mama, huyu haachi hata chembe. Kifungo hiki hakikuwa humu. Umewahi kumlisha?"

"Sijawahi hata kumsogelea."

"Ndiyo maana hukujua. Mkufu uko wapi?"

Mwanamke alimtazama mumewe. Mumewe alikuwa akichungulia mdomo wa Kipenzi, kuona kama springi imemkata.

"Kwenye boksi la cherehani," mke akasema.

"Ulitaka kuuuza?"

"Niuuze wa nini? Nilitaka huyu apasuliwe. Kila asubuhi mume wangu anamuuliza kama amelala vizuri. Mimi nililazwa hospitali, afande, akaja mara moja tu, akaondoka mapema awahi kumlisha."

Inspekta alitoa pingu, amekasirika, ila hakujua amkasirikie nani.

Sonara alisimama taratibu. "Si ungeniambia, mke wangu?"

"Nilikwambia," alijibu, akinyoosha mikono ifungwe. "Ulikuwa unamkuna mgongo."