Uyoga wa Ijumaa ya Kwaresima

Siku Bonifasi alipomwambia mkewe ahsante kwa chakula, Editha aliweka mwiko chini akamtazama vizuri. Miaka thelathini na sita ya ndoa, mwanaume huyu akimaliza kula anasukuma sahani, anachokonoa meno, anaondoka. Ahsante hakuwahi kuitoa hata kwa padri.

"Umesemaje?"

"Nimesema ahsante, Editha. Umepika vizuri."

Na hilo jina nalo! Ndani ya nyumba ile ya kule Bigwa, chini ya mlima, yeye alikuwa mama Judith siku za heri, na "we mwanamke" siku zilizobaki. Alimwondolea sahani, akaenda kuiosha. Hakuogopa. Tangu wamzike Judith, mwana wao wa pekee, moyo wake ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Mambo yalianza Ijumaa iliyotangulia. Ilikuwa Kwaresima, nyama hailiwi, na masika yalikuwa yameshika. Asubuhi Editha alifua vitambaa vya altare, kazi yake pale parokiani tangu ujanani, akavisuuza kwa unga wa bluu ili viwe vyeupe pe. Mikono haijakauka, akaenda nyuma ya zizi la jirani yake Pili, akakuta uyoga umeota juu ya mavi ya ng'ombe: kofia za rangi ya udongo, zinateleza, zimechongoka katikati, na mashina membamba meupe. Konokono walikuwa wameshautafuna. Mama yake alimfundisha kwamba uyoga ulioliwa na konokono hauna neno. Akachuma. Kila alipobana shina, pakabaki alama ya kidole, ya bluu.

Mwingine angetupa. Editha alijitazama vidole, akajisemea, si bluu yangu ya kufulia hii? Akausuuza, akaupika kwa karanga.

Yeye hakuonja. Bakuli lilikuwa moja, na wa kushiba alikuwa anajulikana. Kabla jua halijazama Bonifasi alikuwa anacheka na ukuta. Akatapika. Akalia kwamba mlima unahema, kwamba kuna watu wamejipanga kwenye mgomba wanamsubiri. Kisha akalala kimya, kama mzigo ulioshushwa.

Jumapili akaja Leonard, mtoto wa mdogo wake Editha, anayefanya kazi maabara kwenye chuo cha kilimo.

"Shikamoo mama mkubwa. Huu uyoga mmeula?"

"Marahaba. Kala baba yako mkubwa."

Leonard akaokota kilichobaki kapuni, akaminya shina. Likageuka bluu mbele ya macho yao, na mikono ya Leonard haikuwa imefua kitu.

"Unaona? Ukiuumiza unageuka hivi. Una dawa inayopanda kichwani. Mtu anaona marangi, anasikia kuta zinaongea. Na huu ni mkali, kofia tatu tu zingetosha. Lakini hauui. Masaa sita hivi, yanaisha."

"Yakiisha, mtu anarudi?"

"Anarudi."

"Yule yule?"

Leonard akacheka. "Mama mkubwa nawe! Arudi nani mwingine?"

Editha akatazama nje. Bonifasi alikuwa uani anachanja kuni, kazi ambayo hajawahi kuigusa, na alikuwa hapepesi macho. Mboni zilikuwa zimetanuka mpaka jicho zima jeusi. Akipita karibu, ananuka unga mbichi uliolowa. Jumatatu alitoka na jembe dogo, akarudi na magoti yana matope.

"Nimepalilia kaburi la Judith," alisema. "Lilikuwa limeota magugu, maskini."

Bonifasi hakujua kaburi liko safu ya ngapi. Siku ya mazishi alibaki nyumbani, akawauliza waombolezaji chakula kitaiva saa ngapi.

Siku ya tisa tangu ale uyoga mvua ilinyesha tangu asubuhi, na mchana yule mtu alijilaza kitandani chali, macho wazi, na Editha alipoingia kuchukua ndoo akasikia sauti ndogo, ya mbali, sauti ambayo haikutoka mdomoni kwa sababu mdomo ulikuwa umefungwa, ilitoka chini, tumboni, kama mtu aliyetumbukia kisimani anaita huku maji yanampanda, na ile harufu ya unga mbichi ikazidi mpaka akashika pua, na sauti ikasema, kwa ukali ule ule wa miaka yote:

"We mwanamke! Umesimama tu? Nitoe huku. Kuna baridi. Kuna wengine huku, wananishika."

"Wewe ni nani?" Editha alinong'ona.

"Nani tena, mpumbavu wewe! Mumeo!"

Akachukua ndoo yake, akatoka. Kesho yake alijifunika kanga gubigubi ili akina mama wa parokia wasimwone, akaenda Mikese kumwita mzee Halidi, anayetoa majini kwa ubani na kisomo.

Halidi alimkalisha Bonifasi mkekani, akafukiza, akasoma mpaka jasho likamtiririka. Mwishowe akamvuta Editha mlangoni.

"Mama, kuna wawili humu," alisema chini chini. "Mmoja nitamtoa leo, na akitoka harudi tena. Lakini wameshikana, siwezi kuwatenganisha kwa macho. Wewe ndiye umelala naye miaka yote. Nitawaita, wataongea. Uniambie jini ni yupi."

Akawaita. Wa kwanza alisema taratibu, "Editha, usihangaike. Fanya litakalokupa amani."

Wa pili alifoka kutoka chini, "Mwambie huyo mvaa kanzu aharakishe! Mama Judith, unasikia? Mama Judith!"

Mara ile ya mwisho sauti ilipasuka. Katika miaka thelathini na sita, Editha hakuwahi kuisikia ikiomba. Alisubiri huruma imjie. Alisubiri kwa haki kabisa, kama mtu anayempa mgeni muda wa kufika. Mvua ikanyesha juu ya bati.

"Huyo anayefoka," alisema.

Halidi akaweka kiganja kwenye paji la uso wa Bonifasi, akasoma. Ukelele ukatoka, ukapita dari, ukapita bati, ukaelekea mlimani ukizidi kuwa mdogo, na ndani ya ukelele lilikuwamo jina la Judith, mara mbili. Pale mkekani, yule aliyebaki akapepesa macho kwa mara ya kwanza.

Mzee alifunga vitu vyake bila kumwangalia. Kizingitini akasimama.

"Mama, una hakika?"

"Mzee wangu, nimeishi naye miaka thelathini na sita," Editha alisema. "Namjua."

Akafunga mlango, akaenda kukaa mkekani kando ya yule aliyebaki, palipoachwa nafasi yake.