Pampu Iliyong'olewa Kabla ya Kura

Kisima kirefu cha kijiji cha Kaselami, mbele kidogo ya Sibwesa, kilikuwa kimeng'olewa pampu. Nyaya zilikatwa. Ndoo za akina mama zilipanga foleni kwa mazoea tu.

Mlinzi, Révérien, alikuwa ameshafungwa pingu. Aliyemkamatisha ni Silvester, mwenyekiti wa kamati ya maji, mgeni kijijini aliyenukia manukato kuliko wote waliokuwa pale.

"Jana asubuhi alinitamkia mwenyewe," alimwambia Inspekta Kabula. "'Mwenyekiti, watu wa kufungua pampu ni kesho.' Mnataka ushahidi gani tena? Na keshokutwa madiwani wanapigia kura sheria ndogo ya kuzuia vyanzo vya umma visiuzwe wala kukodishwa. Sheria italinda shimo? Serikali maji haiyawezi. Wapewe wenye uwezo."

Kabula alimtazama kama tope kwenye kiatu kipya, kisha akamgeukia mlinzi.

"Ulisema hivyo?"

"Nilisema, afande. Watu wa serikali walikuja kesho, wakakagua, wakaondoka."

"Walikuja kesho?" Konstebo aliangua kicheko.

"Msimcheke," alisema Rosine, mke wa Révérien. "Kirundi chetu, jana ni ejo, kesho ni ejo. Akiongea Kiswahili anachanganya. Nyie ulizeni kijiji kizima, wanamwita Mzee Kesho. Mwenyekiti angejulia wapi? Hata salamu zetu haitikii."

Kabula alipiga simu kwa mafundi wa serikali. Ni kweli, juzi walikuwa wameifungua pampu, wakaikagua na kuifunga.

Alimketisha Silvester kwenye benchi.

"Ulipoambiwa kuna watu wa kufungua pampu, uliuliza ni kina nani?"

"Sikuuliza."

"Mwenyekiti mzima!"

"Nilikuwa na shughuli."

"Shughuli ya kumpa mlinzi ruhusa jana alale Mishamo kwa ndugu zake; mkewe ameniambia. Aliomba?"

"Nilimhurumia."

"Wewe? Hukuuliza kwa sababu ulidhani unawajua. Wako walikuwa waje leo. Ukaona mlinzi amekunusa, ukawahisha kazi jana jioni, kisha ukamtupia yeye. Kumbe maskini alikuwa anakupa taarifa ya mafundi."

Silvester alilegeza tai.

"Fungua ghala lako."

Pampu ilikuwa chini ya turubai, nyuma ya magunia ya mahindi. Bado ilikuwa inachuruzika.

"Ni Edgar," Silvester alinong'ona. "Mfanyabiashara wa Mpanda. Alisema kisima kikifa kabla ya kura, madiwani watakata tamaa, sheria itaanguka, naye atakodishiwa. Mimi ningekuwa meneja."

"Meneja wa nini?"

"Wa maji, afande."

"Yaani umeacha watoto na kiu, umemtia mtu asiye na kosa pingu, ili uitwe meneja."

Silvester alivua tai, akanyoosha mikono afungwe pingu. Hata uongo ulikuwa umemwishia.

Kabula alimfungua Révérien kwa mkono wake. Pampu ilipigwa picha kama kielelezo, na mchana huohuo mafundi wakairudisha shimoni. Edgar alikamatwa Mpanda. Keshokutwa yake sheria ndogo ilipita, na waliowahi kuipinga walipiga makofi kwa nguvu kuliko wenzao.

Siku hiyo Silvester alishika nondo za mahabusu.

"Afande, naomba maji ya kunywa."

Kabula alikinga kikombe bombani, akampa.

"Ni ya umma," alisema. "Kunywa. Hapa hatumuuzii mtu."